Fisi Haendi kwa Mjane

Watu wanaosema mchezo ni mchezo tu hawajawahi kukaa meza moja na fundi cherehani wetu wa Kihonda. Mimi nimekaa naye Jumapili nyingi, baada ya alasiri, barazani kwa rafiki yetu mwenye boksi, na mara nyingi nimerudi nyumbani nimenuna hadi paka akanikwepa. Sipendi kushindwa. Nalisema mapema ili mtu asije akanidhania mwema katika habari hii.

Boksi lenyewe lilitoka mbali. Rafiki yetu huyo ni kijana, mwalimu wa chuo, alikwenda Ulaya kusoma. Wenzake walirudi na magari na makoti, yeye akarudi na mchezo wa wachungaji wa kondoo. Ndani yake mna ubao uliochorwa mlima wa theluji, dadu, makundi ya kondoo wa mbao, na mbwa mwitu mmoja mweusi mwenye meno. Kazi yako ni kuwavusha kondoo wako mlimani na kuwaingiza zizini kabla ya wenzako. Ukirusha dadu ukapata sita, unamchukua mbwa mwitu unampeleka kwenye kundi la mtu umtakaye, anakula kondoo mmoja. Basi. Mengine yamo katika kijitabu cha sheria kilichoandikwa kwa lugha ambayo mwenye boksi peke yake ndiye anayeisoma, jambo ambalo mimi sikulipenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu kila sheria mpya iliyogunduliwa humo ilikuwa inamfaa yeye.

Tuliurekebisha mchezo ukae kikwetu. Theluji tukaiita masika. Mlima tukauita Bondwa, kwa kuwa Bondwa halisi tulikuwa tunaiona palepale barazani, wingu likikubali kupanda. Mbwa mwitu akawa fisi, maana hakuna kati yetu aliyewahi kupoteza mbuzi kwa mbwa mwitu. Mwenye boksi aliitetea theluji yake kwa muda, halafu akachoka.

Sasa huyo fundi. Dukani kwake ni mpole kupita kiasi, ana ile sauti ya kubembeleza wateja ambao nguo zao hazijaisha. "Njoo kesho, mpenzi, imebaki vifungo tu." Ukienda kesho unakuta hata kitambaa hakijakatwa, na bado unatoka unamshukuru. Lakini mezani alikuwa mtu mwingine. Akipata sita alikuwa hana haraka. Anamwinua fisi, anampapasa mgongo, anakuuliza habari za mama yako kijijini, presha imeshuka, anakula vizuri? Unajibu mama hajambo, anasema Alhamdulillahi, na kondoo wako ameshaliwa.

Mwenye boksi naye alikuwa na ujambazi wa adabu. Kwa vile ni mdogo kwetu, kabla ya kutuletea fisi aliweka mkono kifuani, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, dada." Utafanya nini na shikamoo? Unaitikia marahaba, huku unaibiwa.

Na nyuma ya fundi, kwenye kigoda, alikaa mume wake. Yeye hakucheza hata siku moja. Alikuja na magimbi ya kuchemsha, ya kwao Matombo, akayamenya taratibu na kumshauri mkewe kwa mnong'ono uliosikika hadi kwa jirani. Ushauri wake ulikuwa mbovu, hauna mfano. Mimi nimebakiza hatua moja kuingia zizini, yeye ananong'ona, "Mpelekee fisi mwenye boksi, huyo ndiye hatari." Fundi anamsikiliza, mimi nashinda. Ushindi wangu mwingi nilioupata mezani pale ulitoka kwenye mdomo wa yule baba, na nilikuwa nampenda kwa moyo wote. Fundi akishindwa aligeuka kumkaripia, "Umeniponza tena!" Mzee anamenya gimbi jingine, anampa. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoa yao, kwa jinsi nilivyoiona mimi.

Mzee akafa wakati wa masika, asubuhi moja, akifunga kamba za viatu. Hakuugua. Tulikwenda kumzika Matombo. Barabara ilikuwa tope tupu, gari likakwama, tukamalizia mlima kwa miguu tumeshika viatu mkononi. Kisha fundi akaingia eda.

Mimi na mwenye boksi tulijaribu kucheza wawili. Ilikuwa ugali bila mboga. Hakuna wa kumchukia, hakuna wa kumwogopa, na kijana wa watu shikamoo zote alinimalizia mimi. Tukafunga boksi, tukaliweka juu ya kabati.

Eda ilipokwisha, fundi alituma ujumbe mwenyewe kwamba Jumapili atakuja. Nilifurahi, na palepale nikaogopa. Nilimkuta mwenye boksi barazani anafuta vumbi ubao, nikamwuliza, "Sasa tutafanyaje?" Akasema hajui. Nikasema, mimi fisi simpeleki kwa mjane. Akasema hata yeye. Tukakubaliana kwa macho, na fundi akaingia getini na kanga zake mbili na sahani ya magimbi aliyoyachemsha mwenyewe.

Mchezo ule ulikuwa wa aibu. Nilipata sita, nikamwangalia fisi, nikamwangalia fundi, nikampeleka fisi kwenye kundi langu mwenyewe. Mwenye boksi akapata sita, akajilia kondoo wake bila hata shikamoo. Fisi masikini siku ile alikula waliojitolea tu. Kondoo wa fundi walipanda Bondwa wakiwa wanene, hawakuguswa na chochote, wakaingia zizini kabla chai haijapoa. Tukampigia makofi. Tukapanga tena, akashinda tena. Yeye mwenyewe alipopata sita alimrudisha fisi katikati ya ubao, hakumtuma kwa mtu. Hakuuliza habari za mama wa mtu yeyote. Nyuma yake kigoda kilikuwa kitupu, na sote tulikuwa tunajitahidi kutokiangalia.

Tulipotoka nilimsindikiza. Tulifika kwenye kona ya kinu cha kusaga ndipo akasema, bila kunitazama, "Shoga, nyie mlikuwa mnanihani."

Nikajifanya sielewi.

"Kuhani kuliisha Matombo. Watu wameshanihani, majirani wamenihani, wateja wananihani hata nguo zao hawazidai tena. Dukani nakaa na vitambaa miezi, hakuna anayegomba. Nilidhani huku kwenu nitagombwa." Akafunga kanga vizuri kichwani. "Jumapili ijayo nakuja. Ikiwa hivi tena, chezeni wenyewe. Mimi sitarudi."

Aliyasema kwa upole, kama anayemwambia mteja aje kesho, nami nilijua anamaanisha kila neno.

Wiki nzima nilijifunza ukatili. Nilisimama mbele ya kioo nikisema, "Naomba kondoo wako." Nilijikumbusha kila kondoo wangu aliyemla tangu tufahamiane. Haikusaidia. Nikifika mahali pa kumweka fisi katika mawazo yangu, nauona ule mkono wa mzee unanyoosha gimbi. Hapo ndipo nikapata hila. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikasema nitaleta mtu asiyejua lolote, si mchezo wala msiba, amle fundi kwa niaba yetu.

Mtu huyo nilikuwa naye uani. Ni mpangaji mwenzangu, Mnyamwezi wa Tabora, baba wa makamo mwenye mwili, anayeuza vipuri vya pikipiki Msamvu. Alikuwa mgeni mjini, ndiyo kwanza amehamia. Ana sauti ya kuita abiria ingawa hajawahi kuwa utingo. Nilimwambia kuna mchezo wa kondoo, kuna chai na vitafunio. Vitafunio vikatosha kumshawishi. Habari ya mjane sikuitaja hata kidogo. Mwenye boksi nilimnong'oneza mpango huo getini, akaniambia mimi ni mtu mbaya, halafu akaniuliza kama nina uhakika utafanya kazi.

Haukufanya kazi, na sababu ni kwamba yule bwana ni mwanafunzi mzuri. Mwenye boksi alimsomea sheria kwa kirefu, akaitikia kila moja. Lakini mtu mwenye akili haamini maelezo, hutazama wenyeji wanavyofanya. Akatutazama. Mimi nikapata sita. Mkono wangu, ambao nilikuwa nimeufundisha wiki nzima, ukamchukua fisi ukamleta nyumbani kwangu. Mwenye boksi akapata sita, akajilia. Fundi akapata sita, akamrudisha fisi katikati. Mnyamwezi akatikisa kichwa taratibu, ameelewa. Ilipofika zamu yake akapata sita, akashangilia, akamkamata fisi na kumlisha kondoo wake mwenyewe, tena aliyekuwa mbele kuliko wote, kisha akatutazama usoni mmoja mmoja akingoja sifa.

Hakuna aliyempa.

"Si hivyo?" akauliza. "Naona kila mtu anatoa chake. Anayetoa sana ndiye anayeshinda, au vipi? Kama michango ya msiba."

Nilitamani baraza lipasuke linimeze. Mwenye boksi alikitazama kijitabu chake cha sheria kana kwamba kuna ukurasa wa kutuokoa. Fundi aliiweka dadu mezani. Nikaona anakunja kanga magotini, anakusanya ncha zake, namna mtu anavyojiandaa kunyanyuka, na nikajua akinyanyuka pale hatumpati tena.

"Ni msiba kweli," fundi akamwambia yule bwana. "Hawa wananililia mume wangu kwa kondoo."

Mtu mwingine yeyote angesema pole. Yule bwana hakusema pole. Alimkazia macho. "Marehemu mtu wa wapi?"

"Matombo."

"Mluguru?"

"Mluguru. Na mimi Mluguru."

Akapiga meza kwa kiganja, kondoo wa makundi yote wakaanguka. "Mtani wangu amezikwa, mimi sina habari!" Alikuwa amekasirika kwelikweli, na hasira ile alinigeuzia mimi. "Wewe unakaa mlango wa pili, unanileta kwenye magimbi, huniambii kama hapa pana deni langu? Nani aliwazuia njiani kwenda makaburini? Nani alimtukana maiti? Hakuna? Mmemzika mtu kimya kimya kama mmemwiba?"

Mimi natoka Mbeya, sina utani na Waluguru. Mwenye boksi kwao Bukoba, ndiyo kabisa. Sisi tulikuwa na huruma tu, na huruma haina ruhusa ya kusema chochote. Huyu alikuwa na ruhusa tangu kwa babu zake.

"Watani walikuja wawili," fundi akajibu. Kanga alikuwa bado ameishika. "Na wenyewe wakalia. Walilia kuliko mimi."

"Basi kazi haikufanyika." Akasimama, akavuta suruali juu, akatazama huku na huku. "Alikuwa anakaa wapi?"

Fundi akaonyesha kwa kidevu kigoda cha nyuma yake. "Hapo. Alikuwa ananishauri."

"Ushauri wake ulikuwaje?"

"Mbovu."

"Mluguru atamshauri nani? Nyinyi mguu mmoja mfupi kwa ajili ya mlima, hata akili zinaegemea upande." Akaliacha kundi lake palepale mezani, akazunguka, akakaa kwenye kigoda cha marehemu kwa uzito wake wote. Kigoda kikalia. Mwenye boksi akafumba macho. Mimi nilimshika mkono nikaufinya, sijui kwa nini nilimfinya yeye.

Yule bwana akachukua gimbi, akaumega, akaanza kula akiwa ameinama sikioni kwa fundi. "Usimlilie huyo, mtani," akasema, na mnong'ono wake ulifika barabarani. "Huko aliko amelala chali, amenyoosha miguu, anasema, Alhamdulillahi, leo sisikii cherehani."

Nikamtazama fundi usoni nikiwa nimejiandaa kumkamata, kumtetea, kumfukuza yule bwana na kumrushia viatu vyake nje ya geti.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Kumbe kicheko kilikuwa kinapanda kutoka mbali na hakijapata njia, kikatoka puani kwanza, halafu akakiachia, akacheka kwa mdomo wazi hadi akajishika mbavu.

"Maneno yake hayohayo!" akasema akihema. "Kila usiku! 'Mke wangu, nikifa nitapumzika na hiyo cherehani.' Wallahi maneno yake hayohayo!" Akacheka tena, na katikati ya kicheko kilio kikaingia, vyote viwili vikawa vinatoka pamoja na yeye hakujaribu kuvitenganisha. Wala sisi hatukumwambia nyamaza. Mwenye boksi alikuwa anafuta miwani yake. Mimi nikagundua tangu siku ya mazishi sijamsikia fundi akitamka neno hata moja ambalo yule mzee aliwahi kulisema.

"Na wewe mla michembe ya viazi," akamwambia Mnyamwezi bila kugeuka, machozi yakitiririka, "ondoa pumzi yako shingoni kwangu. Unanuka spea."

"Nanuka kazi. Mume wako alinuka nini? Ndizi?"

"Kondoo wamelala," fundi akasema. "Nani kawalaza? Wainueni."

Tukawainua. Hatukukumbuka nani alikuwa wapi, kwa hiyo kila mtu alijisogeza mbele kidogo, mimi nilijisogeza zaidi. Katika vurugu ile niliwaweka wangu mlangoni mwa zizi kabisa, akiwamo mmoja mnono ambaye akiingia nimeshinda. Kundi la Mnyamwezi lilibaki bila mwenyewe, tukalipeleka pembeni likale majani. Fundi akaokota dadu, akajifuta uso kwa kiganja, akarusha.

Sita.

"Mpelekee mwenye boksi," akanong'ona mshauri mpya, mdomo umejaa. "Huyo kijana ana macho ya wizi."

"Hebu nyamaza, humwoni huyu?" Na fisi akaanza safari. Alipita juu ya kundi la mwenye boksi, hakutua. Alikuja upande wangu, polepole, amebebwa na ule mkono wenye kidole kilichochomwa sindano maisha yote. Fundi bado alikuwa analia. Tone moja lilidondoka kwenye masika ya ubao, akalipangusa kwa kidole na kuendelea.

"Shoga," nikasema, "huyo ndiye anayenipa ushindi."

"Namwona."

"Amebakiza hatua moja tu."

"Ndiyo maana nimemchagua."

Akamwangusha fisi juu ya kondoo wangu, akamchukua, akamweka kwenye sahani kati ya maganda ya magimbi. Nami nikapandwa na hasira, hasira ya kweli, ile ya zamani inayoanzia masikioni. Nikasahau eda, nikasahau Matombo na tope lake, nikasahau kuwa wiki nzima nilikuwa naomba jambo hili litokee. Nikasimama nikamnyooshea kidole mwanamke aliyefiwa, mbele ya watu, nikapiga kelele, "Una roho mbaya wewe! Roho mbaya!"

Nikayasikia maneno yangu mwenyewe.

Fundi alichukua ncha ya kanga, akajifuta jicho moja, akajifuta na la pili. Akaegemea kiti, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu masika.

"Sema tena," akaniambia.

Nikasema tena.